Wimbo ni wa nani?

Leo naomba tuachane kidogo na siasa. Wiki mbili zilizopita mhariri wangu alinituma Tandika kumhoji mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi za dansi miaka ya 1970 na 1980. Ilikuwa habari ya kawaida tu, zile mnazozijua: nyota wa zamani anaishije siku hizi, aya kumi na picha moja. Habari ikatoka, watu wakasoma, kesho yake wakafungia maandazi. Lakini kuna swali ambalo mzee aliniuliza mimi, badala ya mimi kumuuliza yeye, na swali hilo halikupata nafasi gazetini. Nimeona nilete hapa.

Kabla ya kwenda Tandika nilipitia Magomeni kwa baba yangu mdogo. Huyu bwana mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda. Kwa wale ambao hawakuyakuta mambo hayo (na mimi mwenyewe nimesimuliwa tu), ilikuwa hivi: mteja anakuja na orodha ya nyimbo, ananunua kanda tupu ya dakika 60 au 90, baba mdogo anaiweka kwenye redio kaseti ya milango miwili, huku kanda mama, huku kanda tupu, na kesho yake mteja anachukua mzigo wake. Kanda mama zake ziko kwenye sanduku chini ya kitanda mpaka leo. Nikachagua nyimbo 14 za bendi za yule mzee, nikazihamishia kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi. Sikutaka niende mikono mitupu.

Basi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu ndani. Tukachomeka flashi kwenye kiredio chake, wimbo wa kwanza ukaanza. Mzee akanyamaza. Baada ya muda nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea juu ya goti, kama vile gitaa lipo pale. Ndipo aliponiambia kwamba hana nakala hata moja ya nyimbo alizopiga. Hana kanda, hana santuri. Akizisikia, anazisikia redioni kama mimi na wewe.

Tulipofika wimbo wa nne akaniuliza, "Hizi umezipata wapi?" Nikamweleza habari za baba mdogo na kibanda chake.

"Alikuwa anauza?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha hasira. Akauliza tena, "Na juu ya kanda ameandika jina la nani?"

Nikakumbuka kasha lenyewe, maandishi ya kalamu nyekundu: DANSI MOTO NA. 3. Hakuna jina la mtu. Hata la bendi halipo.

Nilirudi nyumbani na swali hilo kwenye daladala na mpaka leo sijaliteremsha. Wimbo ule ni wa nani hasa? Ni wa aliyetunga maneno? Aliyeimba? Mzee aliyeweka gitaa ambalo ukilitoa wimbo unakufa? Ni wa taasisi iliyonunua hayo magitaa? Wa redio iliyorekodi? Wa baba mdogo aliyeukopi, au wangu mimi mwenye flashi? Nimesoma kidogo juu ya jambo hili, nikagundua kwamba swali ni la zamani kuliko redio, na kila mtambo mpya wa kunakili ukija, swali linaamka upya.

Tuanze na huku kwetu, kabla ya mitambo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, yule bingwa wa mashairi, alifariki mwaka 1840. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu, mtu akamwimbia mwenzake, baba akamfundisha mwana, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua na mmisionari wa Kiingereza William Taylor walipoyakusanya na kuyaandika. Diwani ikachapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mwenyewe kuzikwa. Fikiria hilo. Muda wote huo watu walikuwa wananakili bila ruhusa ya mtu. Kama wangekatazwa, leo tusingemjua Muyaka.

Lakini angalia walinakili namna gani. Walisema, hili ni la Muyaka. Jina lilitembea pamoja na shairi. Na katika tenzi zetu mtunzi mara nyingi hujitaja kabisa katika beti za mwisho, jina lake na la baba yake, pengine na mji wake. Washairi wa magazetini waliendeleza mtindo huo, wakifunga shairi kwa jina au lakabu. Kwa hiyo si kweli kwamba wazee wetu hawakujua kumiliki. Walijua. Aliyekariri shairi la mwenzake hakuwa mwizi. Mwizi ni yule aliyekariri akasema ni lake.

Sasa twende Ulaya kidogo, maana sheria tunazotumia asili yake ni huko. Uingereza walitunga sheria ya haki ya mwandishi mwaka 1710, lakini ilitaja vitabu. Ilibidi Johann Christian Bach, mtoto wa yule Bach maarufu, aende mahakamani London, na mwaka 1777 mahakama ikakubali kwamba muziki ulioandikwa kwenye karatasi nao ni maandishi yanayolindwa. Unaona mtego? Kilicholindwa ni KARATASI. Wimbo wenyewe, ule unaoingia sikioni, ulibaki hauna kamba.

Wafaransa nao wana kisa chao. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget aliketi kwenye mkahawa mmoja Paris, akanywa kinywaji chake, huku bendi ya pale inapiga nyimbo zake. Ilipoletwa bili akagoma. Akasema, ninyi hamlipii muziki wangu, na mimi silipii kinywaji chenu. Kesi ikafika mahakamani, mtunzi akashinda, na kutokana na ugomvi ule mwaka 1851 kikaundwa chama cha kukusanya mirabaha, SACEM, ambacho kipo mpaka leo. Vyama vyote vya kukusanya mirabaha duniani, hata vya huku kwetu, ni wajukuu wa ile bili.

Ukaja mtambo mwingine. Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na piano zinazojipiga zenyewe kwa kusoma karatasi iliyotobolewa matundu. Watunzi wakalalamika kwamba nyimbo zao zinauzwa bila wao kulipwa. Mahakama Kuu ya nchi ile mwaka 1908 ikasema hapana, karatasi ya matundu si nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kuisoma kwa macho. Mwaka uliofuata Bunge lao likabadilisha sheria: anayetaka kutengeneza nakala atengeneze, lakini kwa kila nakala amlipe mtunzi senti mbili. Mimi nimeipenda sana hiyo. Hawakuufungia mtambo. Waliuwekea bei.

Turudi pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri. Sauti ya binti wa Fumba ikawa kitu cha kununuliwa dukani, kikafungwa kwenye karatasi, na kikianguka kinavunjika. Santuri zile zilisambaa Afrika Mashariki, na watu walijazana kwenye mikahawa kuzisikiliza. Jina lililoitangaza santuri lilikuwa la Siti, na alilistahili. Lakini nyuma yake walikuwepo akina Mbaruk, Buda Swedi, Subeti na Maalim Shaaban, waliokuwa wakitunga na kupiga naye. Halafu baadaye Bi Kidude akazichukua nyimbo za Siti kwa sikio tu, akaziimba karibu mpaka alipofariki mwaka 2013. Je, Bi Kidude aliiba? Nani atathubutu kusema hivyo! Popote alipoziimba, watu walijua ni za Siti.

Sasa sikiliza kisa ambacho jina lilidondoka njiani. Mwaka 1939, Johannesburg, kijana wa Kizulu anayeitwa Solomon Linda aliingia studio ya Gallo na kundi lake, wakarekodi wimbo uitwao Mbube. Inasemekana alipata shilingi kumi. Santuri iliuzwa kama nakala laki moja katika miaka kumi hivi. Nakala moja ikafika Marekani, kundi la The Weavers wakauimba miaka ya 1950 kwa jina la Wimoweh, maana ndivyo walivyolisikia neno la Kizulu. Mwaka 1961 kundi la The Tokens wakauvika maneno ya Kiingereza, ukawa wimbo wa dunia nzima, na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 2004 warithi wake wakaenda mahakamani, na walichoshikilia ni sheria ya zamani ya Kiingereza ya mwaka 1911, ile iliyoenezwa kwenye makoloni, iliyosema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa haki hurudi kwa warithi hata kama mwenyewe aliziuza. Mwaka 2006 wakapatana nje ya mahakama, na warithi wakaanza kulipwa. Binti zake walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Kwetu Afrika Mashariki tuna Malaika. Hakuna asiyeujua wimbo huo. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kutajwa kama mtunzi. Wengine wakajitokeza kudai, hasa Adam Salim, kwamba wimbo ni wake tangu miaka ya 1940. Wakati watu wa hapa wanavutana, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaurekodi mwaka 1965, Boney M nao wakaurekodi mwaka 1981. Fadhili William alifariki mwaka 2001 na mabishano hayakwenda naye kaburini. Ukitaka ugomvi kwenye baraza lolote la kahawa la wazee, taja tu jina la mtunzi wa Malaika halafu kaa pembeni.

Sasa tumfikie mzee wangu wa Tandika. Baada ya Azimio la Arusha bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilika jina, bendi nayo inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi, jeshi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Vyombo ni vya taasisi, na mwanamuziki ni mwajiriwa mwenye mshahara. Tusibeze mpango huo. Ulilea bendi nyingi, na wanamuziki wakapata uhakika wa ugali. Kisha bendi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, ikapiga nyimbo zake studio, kanda ikabaki maktaba ya redio. Kwa Tanzania Bara hakukuwa na redio nyingine mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo wimbo ulisikika Bukoba mpaka Mtwara, lakini dukani ulikuwa haununuliki. Bendi zilizoweza zilikwenda Nairobi kurekodi santuri, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa.

Pengo hilo ndilo lililomzaa baba mdogo. Watu wanautaka wimbo, dukani haupo, yeye ana redio kaseti. Alikuwa anarekodi moja kwa moja kutoka redioni. Ukisikiliza kanda zake kwa makini, mwanzoni mwa nyimbo nyingi kuna nusu neno la mtangazaji lililokatwa. Na yule mtangazaji, nina hakika, alikuwa anataja jina la bendi na pengine la mtunzi. Yaani jina lilikuwepo hewani. Baba mdogo alisubiri limalizike ndipo abonyeze kitufe.

Nilimuuliza kama hakuona vibaya. Akajibu, "Sasa wewe ulitaka nifanye nini? Nisingerekodi, leo ungempelekea nini huyo mzee?" Na kweli, sikuwa na jibu.

Sheria ilikuwepo. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, ikaja mpya mwaka 1999, na chini yake ikazaliwa COSOTA. Lakini sheria haina macho ya kuingia kila kibanda. Ujerumani waliliona hilo mapema. Mwaka 1965 waliamua kwamba kwa kuwa hatuwezi kumkamata kila anayerekodi nyumbani kwake, basi tozo iwekwe kwenye mashine yenyewe ya kurekodi, na fedha iende kwa watunzi. Ni ile hesabu ya senti mbili ya Marekani kwa sura nyingine: usipambane na sikio, weka bei kwenye mtambo.

Nisijifanye malaika na mimi. Chuoni nilikopi nyimbo kwa kila mtu aliyekuwa na kompyuta mabwenini. Kabla ya hapo nilikuwa nalipia kibandani waniingizie nyimbo kwenye memori kadi, nasema "jaza", wanajaza. Siku hizi nasikiliza mtandaoni, na hapo kuna kichekesho. Kanda za baba mdogo zina zaidi ya miaka 30 na bado zinaimba. Mimi bando likiisha, muziki wangu wote umeondoka. Wanamuziki hawaumiliki, na sasa hata wasikilizaji tumeacha kuumiliki. Tumepanga tu.

Basi jibu langu ni hili, na mnaruhusiwa kunipinga. Wimbo wenyewe haumilikiki kama shamba linavyomilikiwa. Ukishaingia sikioni mwa mtu, umekwenda, huwezi kuurudisha. Vinavyoweza kushikwa ni vitu viwili tu: jina na fungu. Jina la waliofanya kazi, na fungu lao katika kila shilingi inayopatikana kwa kazi hiyo. Kunakili peke yake hakujamuua mwanamuziki. Kumemwokoa Muyaka, kumemwokoa hata mzee wangu. Kinachomuua ni kunakili kunakodondosha jina, maana jina likishadondoka hakuna anayejua fungu limpelekee nani. Ndiyo maana mimi nadhani jina linatangulia. Huwezi kumlipa DANSI MOTO NA. 3.

Mnamkumbuka marehemu Muhidin Gurumo. Sauti ya NUTA, ya JUWATA, ya Mlimani Park, ya Msondo. Alipostaafu mwaka 2013 baada ya miaka zaidi ya 50 jukwaani, Diamond Platnumz alimpa gari. Lilikuwa jambo la heshima kubwa, na kijana yule anastahili pongezi. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Lakini kila nikikumbuka nafikiri: lile gari lilikuwa zawadi. Zawadi unashukuru. Haki unapokea tu, hushukuru mtu.

Jumamosi nilirudi Tandika na daftari. Tulikaa na mzee kuanzia asubuhi mpaka alasiri, wimbo kwa wimbo: nani alitunga, nani aliimba, nani solo, nani besi, nani tarumbeta. Nyimbo 11 alizikumbuka watu wake wote. Mbili alikumbuka nusu, akasema tumuulize mwenzake mmoja aliyeko Morogoro. Mmoja nilikuwa nimeuandika wake, kwa sababu gitaa lake ndilo limetawala mwanzo mpaka mwisho. Akanishika mkono. "Futa hapo. Mimi nimepiga tu. Mtunzi si mimi." Akanitajia jina la mtu aliyefariki zamani, ambaye sikuwahi kumsikia popote. Nikafuta, nikaandika.

Wakati naondoka akaniambia, "Mwambie baba yako mdogo nina deni lake. Anywe soda na mimi, alipe yeye."

Nilipitia Magomeni jioni ile ile, nikamkuta baba mdogo anakula. Nikampa orodha ya majina. Aliisoma yote, taratibu, akarudia. Kisha akavuta sanduku, akatoa ile kanda, akatafuta kalamu. Kasha lilikuwa dogo, majina hayakuenea, akaandika mengine ubavuni. Nikampa na salamu za soda. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Anakaa Tandika sehemu gani?"

Haya ndugu zangu, sina zaidi. Kama una kanda za zamani nyumbani na bado yupo mzee anayekumbuka, kaa naye na daftari wiki hii. Usisubiri mwakani.